Milioni Sita za Njiro: Jinsi Kodi na Soko Vinavyokula Faida ya Nyumba ya Kupangisha

Anayetaka kujenga nyumba ya kupangisha mjini Arusha huanza na hesabu fupi. Nyumba ya familia maeneo ya Njiro, tuseme, itapangishwa kwa shilingi 500,000 kwa mwezi. Kwa miezi 12 ni shilingi milioni sita. Baada ya miaka kadhaa fedha ya ujenzi itakuwa imerudi na kinachofuata ni faida. Hesabu hiyo inachukulia kwamba nyumba haitakaa wazi hata mwezi mmoja na kwamba bei ya pango haitashuka. Inachukulia pia, na hapa ndipo wengi hawapatazami, kwamba kodi ya asilimia 10 inayotozwa kwenye pango ni asilimia 10 ya faida. Madhanio hayo yanategemeana, na mwenye nyumba anayeyachunguza moja moja hawezi kuona ukubwa wa hatari aliyoibeba, hasa kama amejenga kwa mkopo.

Tuanze na kodi yenyewe. Sheria ya Kodi ya Mapato inamtaka mpangaji akate asilimia 10 ya pango kabla ya kumlipa mwenye nyumba aliye mkazi wa Tanzania, na fedha hiyo, inayoitwa kodi ya zuio, aiwasilishe Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ndani ya siku saba baada ya kuisha kwa mwezi aliokata. Kwa mwenye nyumba asiye mkazi kiwango ni asilimia 15. Zamani wajibu huo uliwahusu zaidi wapangaji wanaofanya biashara, kwa mfano kampuni ya utalii iliyopanga ofisi au duka lililopanga fremu. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ikaupanua umguse hata mtu binafsi aliyepanga nyumba ya kuishi, na TRA ilipowakumbusha wapangaji mapema mwaka 2023 mjadala ulizuka nchi nzima, kwa sababu wengi walielewa kwamba wameongezewa mzigo. Kisheria mzigo ni wa mwenye nyumba. Mpangaji anakata na kuwasilisha tu. Hata hivyo, mpangaji asipokata, sheria inamhesabu yeye kuwa ndiye anayedaiwa, kisha inampa haki ya kumdai mwenye nyumba.

Kwa mtu binafsi ambaye upangishaji hauhesabiwi kuwa biashara yake, zuio hilo huwa ndiyo kodi ya mwisho kwa kipato hicho. Ni utaratibu rahisi, na urahisi wake una bei, kwa sababu asilimia 10 inatozwa kwenye pango ghafi. Haiulizi kama mwenye nyumba alipaka rangi upya, alinyonya shimo la maji taka, alibadilisha tanki la maji lililopasuka, au alilipa riba benki. Shilingi ikishaingia kama pango, senti kumi zake ni za serikali.

Tuifungue ile milioni sita. Tuseme mwenye nyumba alikopa shilingi milioni 20 ili amalizie ujenzi, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, kiwango kilicho karibu na wastani wa riba za mikopo ya benki zetu kwa miaka ya karibuni. Riba ya mwaka wa kwanza ni takriban shilingi 3,000,000. Matengenezo na uangalizi tuweke shilingi 720,000, kodi ya majengo 18,000, na kodi ya ardhi tuikadirie kuwa 60,000. Jumla ya gharama hizo ni shilingi 3,798,000. Katika mwaka mzuri, ambao nyumba imekaliwa miezi yote 12, kabla ya zuio inabaki shilingi 2,202,000. Zuio la 600,000 likitoka, inabaki 1,602,000. Tayari tunaona kwamba kodi iliyoitwa ya asilimia 10 imechukua zaidi ya robo ya kile ambacho kingekuwa faida.

Sasa soko lilegee kidogo. Nyumba imekaa wazi miezi miwili, na mpangaji mpya aliyepatikana amekubali shilingi 450,000 kwa mwezi. Tuhesabu miezi kumi yote kwa bei hiyo: pango ni shilingi 4,500,000. Riba haikupungua, matengenezo hayakupungua, kodi ya majengo na ya ardhi hazikupungua. Kabla ya zuio inabaki shilingi 702,000, na baada ya zuio la 450,000 inabaki 252,000. Pango limeshuka kwa robo, lakini alichobaki nacho mwenye nyumba kimeshuka kwa zaidi ya asilimia 84, na serikali imechukua karibu theluthi mbili ya faida. Hakuna kiwango cha kodi kilichobadilika hapo.

Mwenye nyumba asiye na mkopo angepita mwaka huohuo bila kutetereka sana. Gharama zake ni 798,000 tu, kwa hiyo kabla ya zuio angebaki na shilingi 3,702,000, na 450,000 ya zuio ni kama asilimia 12 ya hiyo. Ndiyo maana naona si sahihi kusema kwa ujumla kwamba kodi ya pango ni kubwa au ni ndogo. Kwa mstaafu aliyejenga Moshono kwa kiinua mgongo chake ni kodi nyepesi. Kwa kijana aliyejenga nyumba kama hiyo kwa fedha ya benki, kodi hiyohiyo inaweza kuwa ndiyo inayomtoa kwenye faida na kumtia kwenye hasara. Huyo wa pili, kwa pango la 500,000, anahitaji nyumba ikaliwe karibu miezi minane na nusu ndipo aanze kuona faida. Pango likishuka hadi 450,000, anahitaji zaidi ya miezi tisa.

Kuna jambo la mkataba ambalo huleta ugomvi na linafaa kuelezwa kwa makini. Wenye nyumba wengi, baada ya kusikia habari za zuio, huandika kwamba pango ni shilingi 500,000 na kodi zote ni juu ya mpangaji. Mpangaji akilikubali sharti hilo, pango halisi si 500,000 tena. Ili mwenye nyumba abaki na 500,000 kamili baada ya asilimia 10 kukatwa, pango ghafi lazima liwe shilingi 555,556, ambapo zuio ni 55,556. Wengi hukosea kwa kuzidisha 500,000 kwa asilimia 10 na kulipa 50,000, kisha wanashangaa hesabu za TRA zinapowadai zaidi. Na kwa kuwa desturi yetu ni kulipa pango la miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, zuio nalo hukatwa kwa mkupuo siku ya malipo. Mpangaji akihama katikati ya mwaka na kudai arudishiwe sehemu ya fedha yake, sehemu ya fedha hiyo ilishafika serikalini. Mkataba mzuri unaeleza mapema ni nani atabeba tofauti hiyo.

Mkataba huo huo unadaiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka, yaani shilingi 60,000 kwa mfano wetu. Wengi huukwepa kwa kuuona ni mdogo na wa usumbufu. Lakini mkataba usiolipiwa ushuru huo haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe, na mwenye nyumba huligundua hilo siku amefika Baraza la Ardhi na Nyumba akitaka kumtoa mpangaji anayedaiwa miezi mitano.

Kodi ya majengo ni ndogo kuliko zote, ila ndiyo inayoonekana kila mwezi. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU, mita ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500. Anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo anayelipa kodi ya mwenye nyumba ni mpangaji. Nyumba ikikaa wazi miezi minne bila mtu kununua umeme, deni linalimbikizwa, na mpangaji mpya akinunua umeme wa shilingi 10,000 anakuta 6,000 za miezi ya nyuma zimekatwa kabla hajawasha hata taa moja. Ni fedha ndogo, lakini nimeona uhusiano wa watu ukianza vibaya kwa sababu yake, na dawa yake ni mwenye nyumba kununua umeme kidogo kila mwezi nyumba inapokuwa wazi, au kuipunguza kwenye pango la kwanza bila kusubiri kuombwa. Kodi ya ardhi kwa viwanja vilivyopimwa hulipwa kila mwaka Wizara ya Ardhi kwa namba ya malipo. Kuiacha ilimbikizwe ni kuihatarisha hati yenyewe, maana kutolipa ni mojawapo ya sababu za kufutiwa miliki.

Upande wa soko, Arusha ina historia ambayo kila mwekezaji anapaswa kuijua. Kwa takriban miaka 20, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliuweka mji huu kwenye ramani ya wapangaji wanaolipa vizuri na kwa dola. Kulikuwa na majaji, mawakili, wachunguzi na wakalimani waliohitaji nyumba zenye bustani, walinzi na maji ya uhakika. Mahakama hiyo ilifungwa rasmi tarehe 31 Desemba 2015. Chombo kilichorithi kazi zake kilibaki Arusha na majengo yake yako Lakilaki, lakini kilikuwa kidogo zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao makuu hapa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyohamia Arusha mwaka 2007, zimeendelea kuleta wapangaji wa aina hiyo, ila nyumba kubwa iliyojengwa kwa ajili ya mpangaji wa kimataifa haigeuki kwa urahisi kuwa nyumba ya mwalimu au mhasibu. Gharama yake ya matengenezo inabaki ya nyumba kubwa hata pango likishuka, na zuio linaendelea kukatwa kwenye pango ghafi. Mtu mwenye nyumba tatu ndogo Muriet au Olasiti alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuvumilia kuliko mwenye nyumba moja kubwa Ilboru, kwa sababu ni nadra zote tatu kuwa wazi kwa wakati mmoja.

Suala la dola nalo limebadilika. Kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza kutaja bei au kupokea malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, na pango la nyumba limo. Aliyekuwa akipokea dola alikuwa amejikinga na kushuka kwa shilingi. Sasa hatari hiyo ni yake. Si hatari ya kinadharia: mwishoni mwa mwaka 2024 pekee dola moja ilifika karibu shilingi 2,700, kisha ikashuka hadi karibu 2,400 katika wiki chache. Vigae, vifaa vya bafuni na pampu za maji vinaagizwa nje, na bei zake hupanda shilingi inaposhuka, wakati pango liliandikwa kwa mwaka mzima. Mikataba ya miaka miwili au mitatu sasa inahitaji kipengele cha kurekebisha pango kila mwaka, jambo ambalo sheria haizuii, kwa sababu Sheria ya Udhibiti wa Pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005 na tangu hapo bei ya pango ni makubaliano ya pande mbili.

Utalii unaongeza mawimbi mengine. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wapatao milioni 1.5; mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, idadi ikashuka hadi kama 620,000. Waliopoteza kipato hawakuwa wenye hoteli peke yao. Madereva, waongozaji, wapishi wa safari na wafanyakazi wa ofisi za utalii ndio wapangaji wa vyumba na nyumba ndogo kuanzia Kijenge hadi Ngaramtoni, na kwa upande wa Moshi wapagazi wa mlimani wamepanga Majengo na Pasua. Mwaka 2024 watalii walizidi milioni mbili, na pango likafuata. Sasa macho yapo Olmoti, unakojengwa uwanja wa mpira wa watazamaji 30,000 kwa ajili ya Mashindano ya Mataifa ya Afrika ya mwaka 2027. Barabara na maji vinavyofika pamoja na uwanja vitabaki, na hizo ni sababu nzuri za kujenga huko. Mashindano yenyewe ni ya wiki chache, na mkopo wa ujenzi ni wa miaka, kwa hiyo anayepiga hesabu ya pango kwa bei ya mwezi wa mashindano anajidanganya.

Moshi ina mdundo wake. Karibu na Chuo Kikuu cha Ushirika na katika maeneo ya hospitali na chuo cha tiba cha KCMC, mpangaji mkuu ni mwanafunzi. Mwenye vyumba kumi vya shilingi 60,000 kila kimoja anaandika kwenye daftari 7,200,000 kwa mwaka, lakini vyumba vikikaa wazi miezi mitatu ya likizo ndefu anapata 5,400,000. Huo si mwaka mbaya, ni mwaka wa kawaida, na anayekopa aombe marejesho yanayolingana na miezi hiyo tisa. Faida ya soko hili ni kwamba wanafunzi hurudi kila mwaka, iwe watalii wamekuja au hawakuja.

Gharama ya kujenga nayo hubebwa na kodi. Mbali na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 iliyomo kwenye vifaa vya ujenzi, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilileta ushuru wa shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Anayepangisha nyumba ya kuishi hana njia ya kuirudisha kodi ya ongezeko la thamani aliyolipa dukani, kwa sababu pango la makazi limesamehewa kodi hiyo na hivyo hana pa kuikatia. Fremu za biashara ziko tofauti. Mwenye fremu aliyesajiliwa kwa kodi hiyo, na kizingiti cha usajili kilipandishwa mwaka 2023 kutoka mauzo ya shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka, anatoza asilimia 18 juu ya pango, kwa hiyo fremu ya 1,000,000 inalipiwa 1,180,000. Mpangaji mkubwa aliyesajiliwa naye halalamiki, kwa sababu anaikata kwenye kodi yake. Muuza vitenge asiyesajiliwa analipa 180,000 hizo kutoka mfukoni, na ataangalia fremu ya jirani isiyo na mzigo huo. Jengo jipya la ghorofa katikati ya mji lisilo na wapangaji wa sakafu za chini mara nyingi lina tatizo la aina hii, na si la eneo.

Je, kuanzisha kampuni kunasaidia? Kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida, na zuio la asilimia 10 huhesabiwa kama malipo ya awali. Riba, matengenezo na uchakavu wa jengo wa asilimia 5 kwa mwaka hutolewa kwanza. Kwa nyumba yetu ya Njiro, kama jengo liligharimu shilingi milioni 60, uchakavu ni 3,000,000, na hata katika mwaka mzuri faida ya kikodi ni hasi. Aliye na mkopo mkubwa na nyumba kadhaa anaweza kuona unafuu wa kweli. Lakini lazima aandae hesabu na ritani, yaani taarifa ya kodi, kila mwaka, amlipe mhasibu, akatwe tena asilimia 10 anapojigawia gawio, na kuihamisha nyumba kutoka jina lake kwenda la kampuni huweza kuhesabiwa kuwa ameiuza. Kwa nyumba moja, ushauri wangu ni kubaki na zuio na kupunguza deni.

Mwisho wa uwekezaji huu ni kuuza, na huko nako soko na kodi hukutana. Faida ya kuuza nyumba hutozwa asilimia 10 kwa mkazi. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyothibitishwa, ile iliyo kubwa. Nyumba ikiuzwa shilingi milioni 120 na gharama zilizothibitishwa ni milioni 70, kodi ni milioni 5, na aliyepoteza risiti analipa milioni 3.6 tu. Soko likiwa limelala, mwenye nyumba akauza kwa milioni 120 kitu kilichomgharimu milioni 110, mwenye risiti analipa milioni 1 na asiye nazo analipa milioni 3.6 zilezile. Sheria pia inasamehe faida isiyozidi shilingi milioni 15 kwa makazi ya mtu mwenyewe aliyoyamiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi, msamaha ambao nyumba iliyopangishwa tangu siku ya kwanza haiupati. Kwa hiyo risiti za saruji, nondo na mabati, zile za EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti, zenye wino unaofifia haraka, zinafaa kupigwa picha na kuhifadhiwa pamoja na mkataba wa fundi tangu siku msingi unapochimbwa.